Saa Tisa, kwa Saa Yangu

Khatibu amenipigia yuko Jebel Ali:
"Ami, nipande lipi?"
Panda jekundu, nikamwambia, kaa mbele kabisa,
pale penye kioo kipana.
Dereva usimtafute, hayupo, hajawahi kuwapo.
Usile hata pipi, kuna faini.
Njoo nalo moja kwa moja mpaka Rashidiya.

Nikamtajia vituo kimoja kimoja,
kama nilivyovijua vikiwa bado nondo na vumbi.

Mwaka wa elfu mbili na saba nilikuwa juu ya daraja lile,
mimi, na Moklesur wa Silheti, na Dilbahadur
aliyeandika jina la bintiye kwa chaki
ndani ya mbao, kabla zege halijamwagwa.
Nguzo ya ngapi? Mwenyewe hakumbuki.
Kila nikipita naitafuta. Zote zimenyoa kichwa namna moja.

Kiangazi tulipumzishwa saa sita u nusu,
tukajilaza kwenye kivuli cha kitu tunachokijenga,
kivuli chembamba, tukikivutana kama shuka fupi.
Saa tisa, filimbi.
Saa tisa: kofia, glavu zilizokaukia jasho,
chuma kinachong'ata.

Kumbe wakubwa nao waliipenda tisa.
Tarehe tisa, mwezi wa tisa, mwaka wa tisa,
saa tisa na dakika tisa na sekunde tisa,
usiku, ndani ya Ramadhani.
Saa yangu ya mkono, ya Kipemba, ikasema tatu.
Tulikuwa juu ya paa la kambi, Al Quoz, tumeshafuturu,
tukaona mstari wa taa unateleza angani bila kelele.
"Ndilo letu lile?" akauliza Moklesur.
Hakuna aliyemjibu, tulikuwa tunahesabu mabehewa.

Vituo kumi tu vilifunguliwa usiku ule.
Vingine vilipitwa gizani,
kama jirani aliyesahauliwa kwenye kadi za harusi.

Simu ikatoa mlio. Khatibu:
"Napita maghorofa, ami, shingo inauma."
Baadaye: "Hapa kuna duka lenye theluji ndani. Theluji!"
Baadaye kimya. Nikajua ameingia chini,
wanapopita chini ya maji.
Wenyeji huita khor, sisi hori.
Neno lilishavuka zamani, wala halikuulizwa viza.

Alipotokea juani tena:
"Ami, Rashidiya haipo."
Haipo vipi? Nimelala Rashidiya miaka kumi na minne.
"Ramani haina. Na vile ulivyonitajia, nusu sivioni."

Nikakumbuka, nikaona haya.
Majina yanauzwa hapa, kama ubavu wa basi.
Kituo cha benki kikawa cha benki nyingine.
Kile cha Mitende walikigeuza cha Farasi,
kisha, nasikia, farasi nao wakawa duka la kuvunja fedha.
Mimi nilikuwa nimempa kijana ramani ya marehemu.

Shuka, nikaanza kusema, uliza mtu...
"Sishuki," akasema. "Kuna mtoto wa Kifilipino hapa mbele,
ameshika kioo kwa mikono miwili, anaendesha.
Nimemuuliza anakwenda wapi.
Kasema mwisho."

Nikasimama jukwaani. Likaja, likafunguka.
Mtoto akashuka kwanza, na uso wa mtu aliyemaliza zamu.
Kisha Khatibu, mrefu kuliko picha zake,
amekumbatia chupa ya achari ya shemeji,
kifuniko kimefungwa plasta mara tatu.

Tukateremka ngazi, joto likatupokea mlangoni.
"Ulijenga wapi hasa, ami?"
Nikanyoosha kidole kwenye nguzo iliyokuwa karibu.
Ile, nikasema. Ina jina la mtoto ndani.
Akaenda akaigusa, akaondoa kiganja haraka.
Ilikuwa ya moto.

Nikatazama saa yangu. Tisa kamili.
Nikasubiri kidogo, sijui nini.
Hakuna aliyepiga filimbi.